MAISHA YA NORMAN JACKSON, INJINIA WA NDEGENI



Mhariri wa gazeti letu ana desturi ya kumwomba mmoja wetu aandike habari za mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki. Wenzangu walionitangulia wamewaandika viongozi wa nchi, washairi na wachezaji wa mpira. Zamu iliponiangukia mimi nilimchagua fundi, wala sikuona haya. Shule yetu imetoa mafundi wengi kuliko mawaziri, na sijaona bado ukurasa uliowekwa kwa ajili yao.

Nilipomaliza kidato cha nne niliingia karakana ya ndege kule Embakasi, Nairobi, zamani zile East African Airways ilipokuwa mali ya nchi zetu kwa pamoja. Shirika hilo lilikufa mwaka 1977, na habari za kifo chake ni ndefu, si za leo. Fahari yake kubwa ilikuwa ndege aina ya Super VC10. Katika chumba cha mbele cha ndege hiyo marubani wawili walikaa wakitazama mbele, kama mjuavyo. Lakini nyuma yao, ameelekea ukuta uliojaa geji, taa na swichi kutoka juu mpaka chini, alikaa mtu mwingine ambaye abiria hawakumjua. Huyo ndiye injinia wa ndegeni. Sisi wa karakana tulikuwa mainjinia wa chini. Tulibaki na spana zetu ndege ikiondoka. Yeye aliondoka nayo. Yeye ndiye aliyeangalia mafuta, joto la injini, umeme, na hewa ya kuvuta abiria, na ndege ikitua ni yeye aliyeshuka na daftari la kasoro mkononi kutuambia nini kinaumwa. Rubani aliiendesha ndege, injinia aliiuguza.

Habari za Norman Jackson nilizisikia mara ya kwanza kwa mzee mmoja wa kazi hiyo, usiku wa zamu, tukingoja ndege iliyochelewa. Tangu hapo nimekuwa nikizitafuta kila nilipopata kitabu. Nawaletea nilizohakikisha.

Norman Cyril Jackson alizaliwa tarehe 8 Aprili, 1919, Ealing, upande wa magharibi wa London. Hakulelewa na waliomzaa. Angali mchanga alichukuliwa na familia nyingine, akalelewa humo kama mtoto wao. Hakuwa mwana wa bwana mkubwa, wala hakupita katika zile shule ambazo Waingereza walikuwa wakiwatolea maofisa wao. Alijifunza ufundi wa vyuma: kuunga mitambo na kukereza vipande kwa mashine. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya mashine ya kukereza anajua kazi hiyo inamfundisha nini kijana. Inamfundisha kwamba kipimo ni kipimo. Chuma hakikubali maneno matamu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 alijiandikisha katika Jeshi la Anga la Uingereza. Kwa kazi yake ya ufundi angeweza kubaki kiwandani, lakini alikwenda. Jeshini akapewa kazi aliyoijua, fundi wa injini. Mwanzoni mwa mwaka 1941 alipelekwa Afrika ya Magharibi, Freetown katika Sierra Leone, pamoja na Kikosi cha 95.

Kikosi hicho kilikuwa na ndege za Sunderland, zile zinazotua majini. Wazee wetu wa Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hawahitaji kuelezwa ndege za namna hiyo, kwani tangu mwaka 1937 ndege za abiria zilizoundwa na kiwanda kile kile cha Short zilikuwa zikitua katika maji yao zikielekea Durban. Ndugu za ndege hizo, zikiwa zimevikwa bunduki na mabomu, ndizo zilizokuwa Freetown zikiwinda manowari za Wajerumani zilizokuwa zikizamisha meli katika Atlantiki. Sunderland moja iliweza kukaa angani zaidi ya saa kumi na mbili. Safari ndefu kama hiyo juu ya bahari tupu hairuhusu kumngoja fundi aliyeko pwani. Kwa hiyo Sunderland ilibeba mafundi wake ndani. Jackson alikuwa fundi wa chini, lakini aliwaona wenzake wakipanda na kuondoka, na baada ya muda akaomba naye afundishwe kazi ya injinia wa ndegeni. Akakubaliwa, akarudishwa Uingereza.

Hapo yafaa nieleze kwa nini jeshi lilikuwa na njaa ya watu wa namna hiyo. Kabla ya mwaka 1942 ndege kubwa za mabomu zilibeba marubani wawili. Kumfundisha rubani kulichukua muda mrefu na fedha nyingi, na ndege moja ikianguka walipotea wawili. Ikaamuliwa rubani awe mmoja tu, na kiti cha pili akalie fundi anayezijua injini. Ndege mpya zilizokuwa zikitoka viwandani zilikuwa na injini nne, na rubani peke yake, usiku, akipigwa mizinga, hawezi kuziangalia injini nne na wakati huo huo kuiongoza ndege. Wengi wa mainjinia hao walifunzwa St Athan katika Wales. Baadhi walikuwa vijana waliotoka viwandani na gerejini ambao hawakuwahi kuruka hata mara moja. Jackson alikuwa na bahati ya kuwa na miaka ya injini nyuma yake.

Tarehe 28 Julai, 1943, alijiunga na Kikosi cha 106, na mwezi Novemba kikosi hicho kikahamia uwanja wa Metheringham katika jimbo la Lincolnshire. Ndege zao zilikuwa Lancaster. Wenzangu wa kazi wataniwia radhi nikikawia kidogo hapa, kwa maana bila kuijua kazi hamwezi kumjua mtu.

Lancaster ilibeba watu saba: rubani, injinia, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa simu ya upepo, na wapiga bunduki wawili, mmoja juu ya mgongo wa ndege na mmoja mkiani. Ilikuwa na injini nne za Merlin. Injinia alikaa kuliani kwa rubani juu ya kiti kidogo cha kukunja, lakini safari nyingi alisimama. Geji zake zilikuwa kwenye ukuta wa kulia.

Ndege ikianza kukimbia kwenye njia yake, imejaa mafuta na mabomu, rubani alisukuma vishikio vya nguvu ya injini, na injinia akaweka mkono wake nyuma ya mkono wa rubani ili vishikio visirudi nyuma kwa mtetemeko. Rubani akiagiza, injinia aliinua magurudumu. Kisha kazi yenyewe ikaanza. Mafuta yalikuwa galoni 2,154 katika matangi sita, matatu kila bawa. Tangi la nje kabisa lilikuwa dogo, na mafuta yake yalihamishiwa kwanza tangi la katikati kabla ya kutumiwa. Injinia ndiye aliyefungua na kufunga, ili bawa moja lisiwe zito kuliko jingine, na ili tangi lililotobolewa na risasi litumiwe kwanza kabla halijamwagika lote. Hakutegemea geji peke yake. Alipiga hesabu kwa penseli kila baada ya muda mfupi na kuandika katika karatasi yake: injini zimekunywa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, tutafika au hatufiki. Lancaster iliyoshiba ilikunywa karibu galoni moja kwa kila maili moja. Mkikosea hesabu katika mtihani mnapoteza alama. Yeye akikosea, watu saba walitua katika Bahari ya Kaskazini.

Injini moja ikianza kuchemka, ni yeye aliyeona mshale ukipanda. Ikishika moto, ni yeye aliyeizima, akaligeuza panga lake likae ubapa kwa upepo lisiburure ndege. Alisikiliza pia. Injini nne zisipokwenda sawasawa hutoa mlio wa kupanda na kushuka, uuu-uuu, ambao huchosha akili za watu, na injinia mzuri aliziweka sawa kwa sikio lake. Mzee wangu wa Embakasi alikuwa na sikio hilo hata uzeeni. Alikuwa akisimama uwanjani na kikombe cha chai, ndege inapita juu, naye akataja injini ipi ina kasoro kabla daftari halijatufikia.

Basi hiyo ndiyo kazi. Sasa hatari yake. Katika jeshi la mabomu la Uingereza walihudumu angani watu wapatao 125,000, na katika hao 55,573 walikufa. Mtu aliyemaliza safari 30 alipumzishwa. Kufika 30 ilikuwa kama kuvuka mto wenye mamba mara thelathini kwa miguu.

Jackson alifika. Tarehe 24 Aprili, 1944, safari yake ya 30 ilitimia. Alikuwa huru kukaa chini. Lakini kulikuwa na jambo dogo la hesabu. Siku moja huko nyuma aliwahi kwenda na watu wa ndege nyingine, kwa hiyo alikuwa amewatangulia wenzake kwa safari moja. Wao, chini ya rubani wao Fred Mifflin, mtu wa Newfoundland, walikuwa bado wanadaiwa safari moja ya mwisho. Jackson akasema atakwenda nao, ili wamalize pamoja kama walivyoanza. Alikuwa na miaka 25. Mkewe, Alma, alikuwa ametoka kumzalia mtoto wa kiume, wa kwanza kwao, na habari zilikuwa zimemfikia.

Safari yenyewe ilikuwa ya usiku wa tarehe 26 Aprili, kwenda Schweinfurt. Mji huo ulikuwa na viwanda vya beringi. Fundi yeyote anajua beringi ni nini: ondoa beringi, hakuna gari linalokwenda, hakuna kifaru, hakuna injini ya ndege. Wamarekani walikuwa wamewahi kuupiga mji huo mchana, na tarehe 14 Oktoba, 1943, peke yake, walipoteza ndege 60. Safari hii Waingereza walikwenda usiku, na upepo ukawageukia wakachelewa. Lancaster 21 hazikurudi.

Ndege ya akina Jackson ilifika, ikadondosha mabomu yake, ikaanza kupanda iondoke. Ilipokuwa kwenye futi 20,000 hivi, ndege ndogo ya kivita ya Kijerumani ikaijia. Mifflin aliigeuza kwa nguvu kuikwepa, lakini risasi zilikwisha kuipata mahali pengi. Moto ukawaka juu ya bawa la kulia, kati ya mwili wa ndege na injini ya ndani, karibu na tangi la mafuta. Jackson alikuwa ametupwa sakafuni, na vipande vya risasi vilikuwa vimemwingia mguu wa kulia na bega.

Mitungi ya kuzimia moto iliyofungwa katika Lancaster iliwekwa kwa ajili ya injini. Kwa moto unaowaka juu ya bawa hapakuwa na swichi ya kubonyeza. Jackson akamwambia rubani kwamba anaweza kuushughulikia, akaomba ruhusa, akapewa.

Wasomaji, naomba mwende polepole hapa, nami nitaeleza polepole. Futi 20,000 ni juu kuliko kilele cha Kibo. Baridi yake mtu aliyepanda mlima ule anaijua. Ndege ilikuwa ikienda maili 200 kwa saa, maana yake upepo wake ni mkali kuliko tufani yoyote tuliyoiona pwani. Jackson alichomeka mtungi wa mkono wa kuzimia moto katika koti lake, akafunga mwavuli wake kifuani, akatupilia mbali kifuniko cha mlango wa dharura ulio juu ya kichwa cha rubani, akatoka nje. Akaanza kutambaa kinyumenyume juu ya mgongo wa ndege, kuelekea bawa linalowaka.

Kabla hajaenda mbali mwavuli ukafunguka. Kitambaa chote na kamba zake vikamwagikia ndani ya chumba cha rubani. Mtu mwingine angeona hiyo ndiyo ishara ya kurudi. Yeye aliendelea. Rubani, mlenga mabomu na mwongoza njia wakaukusanya mwavuli, wakazishika kamba, wakawa wanamlegezea kidogo kidogo kadiri alivyokuwa akitambaa, kama wavuvi wanaomshusha mwenzao majini.

Akateleza. Alianguka kutoka mwili wa ndege hadi juu ya bawa, akadaka tundu la kuingizia hewa lililo ukingoni mwa bawa, akaning'inia. Mtungi wa kuzimia moto ukamtoka ukapeperuka. Moto ulikuwa unaenea, ukamla uso, mikono na nguo. Hatimaye mikono ikashindwa kushika. Upepo ukamzoa ukampitisha katika ndimi za moto na kumtupa nyuma ya bawa, na mwavuli ukamfuata. Wenzake walipomwona mara ya mwisho mwavuli ulikuwa umefunguka nusu, unaungua hapa na pale.

Moto haukuzimika. Rubani akaamuru watu waruke. Wanne walitua salama wakatekwa. Mifflin mwenyewe hakutoka, wala yule mpiga bunduki wa mkiani, Johnson. Wote wawili walikufa.

Jackson alishuka upesi mno, na mwavuli wenye matundu ya moto hauna usukani. Akatua kwa kishindo, kifundo cha mguu kikavunjika. Jicho la kulia lilikuwa limefumba kwa kuungua, na mikono haikufaa kwa lolote. Alilala pale mpaka alfajiri, kisha akatambaa kwa magoti na viwiko mpaka kijiji cha karibu. Wakamkamata, wakamtembeza njiani watu wamwone. Alikaa hospitali miezi kumi, halafu akapelekwa kambi ya wafungwa. Kutoka kambini alijaribu kutoroka mara mbili, na mara ya pili akafanikiwa kuwafikia Wamarekani wa Jeshi la Tatu. Na hapo mikono yake ilikuwa bado haijapona sawasawa. Haikupata kupona kamwe kama ilivyokuwa.

Tendo lake halikujulikana kwa mdomo wake. Lilijulikana vita vilipokwisha, wale wenzake waliosalia waliporudi kutoka vifungoni na kusimulia. Tarehe 26 Oktoba, 1945, ikatangazwa kwamba amepewa medali ya Victoria Cross, ambayo Waingereza hawana kubwa kuliko hiyo kwa ushujaa mbele ya adui; ndiyo ile ile aliyopewa marehemu Sajini Nigel Leakey wa KAR kwa tendo lake la Ethiopia mwaka 1941. Mfalme George wa Sita alimvisha Jackson tarehe 13 Novemba, 1945. Siku hiyo hiyo alivishwa Leonard Cheshire, rubani mwenye cheo kikubwa na jina kubwa. Inasimuliwa kwamba Cheshire aliomba Jackson atangulie, kwa kuwa yeye ndiye aliyejitoa zaidi, lakini utaratibu wa jumba la mfalme ukawa na nguvu kuliko ombi.

Nimewahi kuisimulia habari hii mbele ya vijana wa karakana, na mmoja akaniuliza swali ambalo halijaniacha: sasa alifaulu nini? Moto haukuzimika, ndege ilianguka, rubani alikufa. Ni swali la haki. Wala hatuwezi kusahau kwamba safari ile ilikuwa ya kudondosha mabomu juu ya mji wenye watu waliolala, na kwamba wanakijiji waliomtembeza njiani hawakuwa na sababu ya kumpenda. Mimi sikubaliani na wale wanaosimulia vita kama mechi ya mpira.

Lakini kuhusu Jackson nina jibu, nalo ni la kifundi. Yeye mwenyewe, kila alipoulizwa miaka ya baadaye, alieleza kwamba alifanya kazi ya injinia. Moto ndani ya ndege ni shauri la injinia. Wenzake sita walikuwa wamemgeukia yeye, kwa sababu ndiye aliyejua ndege, na hapakuwa na mwingine wa kumgeukia. Hakuhesabu kama atafaulu. Alihesabu kwamba moto ulio karibu na tangi hautangoja, na kwamba kuna mtungi mmoja wa mkono na njia moja ya kuufikisha. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Ni ile ile aliyokuwa akiipiga kwa penseli kila usiku, isipokuwa safari hii kilichotakiwa kutumika hakikuwa mafuta. Na tusiwasahau wale watatu walioshika kamba. Walikuwa ndani ya ndege inayowaka na kila mmoja alikuwa na mwavuli wake. Badala ya kuuvaa na kuruka, walibaki wakiushikilia wa mwenzao. Mifflin alikuwa mmoja wao. Kwa maoni yangu, alistahili kutajwa zaidi ya alivyotajwa.

Baada ya vita Jackson hakurudi kwenye injini. Mikono isiyokunjika vema haishiki spana. Akawa mwuzaji wa wiski, akisafiri huku na huku kutafuta wateja. Baadhi ya watu husikitika wakisikia hivyo, kana kwamba shujaa hapaswi kuuza wiski. Mimi sisikitiki. Alikuwa na mke na watoto saba wa kulisha, na alifanya kazi akawalisha. Alifariki tarehe 26 Machi, 1994, akiwa na miaka 74, akazikwa Twickenham, si mbali sana na alikozaliwa. Mwaka 2004 medali yake iliuzwa kwa mnada London, ikafika paundi 235,250.

Na ile kazi yake nayo ilikuwa njiani kuelekea kaburini. Alipofariki, kiti cha injinia kilikuwa kimekwisha kuondolewa katika ndege mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilikuja Boeing 757 na 767, zenye viti viwili mbele na kompyuta mahali pa ukuta wa geji. Mwaka 1989 ikaja Boeing 747 ya aina ya 400, na hata ile ndege kubwa, ambayo kaka zake wote walibeba injinia, ikawa haina haja naye tena. Concorde ilikuwa naye mpaka ilipostaafu mwaka 2003. Kompyuta inagawa mafuta vizuri, sina ubishi, na inaandika kasoro zake yenyewe na kuzituma chini kabla ndege haijatua. Wenzangu kadhaa wa Super VC10 waliambiwa wajifunze urubani au watafute kazi nyingine. Baadhi yao walikuwa na miaka hamsini na kitu.

Mzee wangu wa kikombe cha chai hakuishi kuyaona hayo yote. Vitabu vyake viwili vya injini alinipa mimi, na vipo nyumbani. Kijana wa kidato chochote anayetaka kuvisoma aje, ila asivitoe nje ya nyumba.